Sisi wa milimani tusingoje mvua ituamshe usiku

Mhariri naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wa Mbeya. Mi dereva wa lori, njia ya Tunduma kwenda Zimbabwe naijua miaka mingi, na safari moja nilifika mpaka Chimanimani, kamji kadogo kamekaa chini ya milima, ukiivuka tu ile milima uko Msumbiji. Aisee pale unaweza kusema upo Tukuyu, ubaridi, misitu ya paina, na ndizi za bonde la Rusitu zinapakiwa kwenye magari kama za kwetu.

Wenyeji wakanipeleka mtaa unaitwa Ngangu. Nikakuta mawe makubwa yamelala pale zilipokuwa nyumba za watu. Usiku wa tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kilichoipiga Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, kikapanda huko milimani na mvua ambayo haikupumzika, mlima ukaachia tope na mawe watu wakiwa ndani. Kopa, kijiji kingine cha hukohuko Chimanimani, ndo ilisombwa kabisa maana mito miwili inakutana pale. Madaraja yakaenda, barabara zikakatika, msaada ukachukua siku kufika, majirani wakawa wanafukua kwa mikono. Kilichoniuma zaidi, maiti zingine mto ulizibeba mpaka Msumbiji, wanakijiji wa kule ndo wakazika watu ambao hata majina hawayajui.

Naandika haya kwa sababu Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba na shule hapahapa kwetu Itezi, na bado naona watu wanachimba misingi makorongoni. Mdogo wangu mwenyewe aliuziwa kiwanja kwenye mkondo wa maji na aliyemuuzia alijua fika, kazaliwa palepale. Mdogo wangu simlaumu, hela yake iliishia hapo. Kwahiyo msiseme tu watu wahame, waonyesheni na pa kwenda.

Wenyeviti wa mitaa nawaomba, kabla mvua za Novemba hazijaanza piteni hayo makorongo pamoja na wazee wanaokumbuka maji yalikuwa yanapita wapi, wekeni alama, na kila mtaa ujulikane nani anawaamsha watu usiku, spika ya msikiti au kengele ya kanisa inatosha kabisa.

Mdogo wangu nishamwambia mvua ikikaza abebe watoto aje kwangu usiku huohuo, asisubiri kuche. Na nyie wenye ndugu kule chini wapigieni simu.

Dereva,
Uyole, Mbeya