Chicago isisimuliwe bila jumba lake la sayansi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe hoja kuhusu namna magazeti yetu yanavyoyaandika majiji makubwa ya dunia, nikichukua jiji la Chicago, Marekani, ambalo hutajwa mara nyingi lakini huelezwa kidogo sana. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kusoma habari za Al Capone na magenge yake, za Michael Jordan na mpira wa kikapu, na za maghorofa yanayotazama Ziwa Michigan. Habari hizo zina wasomaji wake na sizipingi. Hata hivyo, nikiwa mwalimu wa fizikia, nasikitika kila ninapoona jiji lililojengwa kwa kupambana na tope, maji machafu na moto likisimuliwa kana kwamba liliota lenyewe, na jumba linalohifadhi historia ya ufundi huo, yaani Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, likiachwa bila kutajwa hata kwa sentensi moja.

Mtu wa kwanza kutoka nje anayetambuliwa kuwa aliweka makazi ya kudumu hapo, katika nchi ya wenyeji wa asili wa Amerika, alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, anayesadikiwa kuzaliwa Haiti, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 aliendesha biashara karibu na mahali ambapo mto Chicago ulikuwa ukiingia ziwani. Makazi hayo yalipata hadhi ya jiji mwaka 1837, na leo jiji lina wakazi wapatao milioni 2.7, likiwa la tatu kwa ukubwa Marekani baada ya New York na Los Angeles. Kati ya tarehe hizo mbili kuna kazi ambayo wanafunzi wetu wangeifurahia. Ardhi ya Chicago ilikuwa tambarare, yenye kinamasi, iliyozidi usawa wa ziwa kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo maji machafu hayakuwa na mteremko wa kuyaondoa. Kuanzia miaka ya 1850 wakazi waliamua kuinua barabara zao, na pamoja nazo majengo, hata yale makubwa ya matofali, kwa kutumia jeki nyingi zilizozungushwa na vibarua kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili jengo lisipasuke, kisha mabomba ya majitaka yakapata nafasi chini.

Mabomba hayo yaliutatua mkosi mmoja na kuuleta mwingine, kwa kuwa yalimwaga uchafu mtoni, mto ukaupeleka ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa chanzo cha maji ya kunywa. Mwaka 1900 ulifunguliwa mfereji wa takriban kilomita 45, uliochimbwa kwa kina cha kutosha kuyafanya maji ya ziwa yaingie mtoni yenyewe, mto ukageuka na kutiririka kuelekea bonde la Mississippi badala ya ziwani. Sijui mfano bora kuliko huo wa kumweleza kijana nguvu ya mvutano na mteremko, ingawa haki inataka tuseme pia kwamba miji ya upande wa chini haikufurahi kupelekewa uchafu wa wenzao. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliua watu wapatao 300 na kuwaacha wengine karibu 100,000 bila makazi, na ni katika ujenzi uliofuata ndipo Chicago ilipopata, mwaka 1885, jengo la ghorofa kumi la Home Insurance, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza duniani katika aina ya majengo marefu yanayobebwa na mifupa ya chuma badala ya kuta nene.

Jumba ninalolizungumzia limo ndani ya historia hiyohiyo. Liko katika bustani ya Jackson, upande wa kusini wa jiji, bustani iliyochaguliwa pia kuwa mahali pa kituo cha kumbukumbu ya urais wa Barack Obama. Lilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893, na wakati majengo mengi ya maonyesho hayo yalikuwa ya muda, yenye plasta juu ya fremu, hili lilitiwa matofali ndani kwa sababu lilikusudiwa kuhifadhi kazi za sanaa za thamani zisiungue. Tusisahau kwamba Wamarekani weusi walilalamika kutengwa katika maonyesho hayo, na kwamba Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyezaliwa mtumwa, alipata jukwaa pale akiwa mwakilishi wa banda la Haiti.

Aliyeligeuza jengo hilo kuwa jumba la sayansi ni Julius Rosenwald, mfanyabiashara aliyeongoza kampuni ya maduka ya Sears, Roebuck. Mwaka 1911 alitembelea Deutsches Museum, jumba la makumbusho ya sayansi na ufundi mjini Munich, Ujerumani, akamwona mwanawe mdogo akivutiwa mno na mashine ambazo mgeni aliruhusiwa kuziendesha mwenyewe. Baadaye aliahidi dola milioni 3 ili watoto wa Chicago wapate mahali kama hapo. Milango ilifunguliwa mwaka 1933, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huyu ndiye Rosenwald aliyeshirikiana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi, na ambaye fedha zake zilisaidia kujenga shule zipatazo 5,000 za watoto weusi katika majimbo ya kusini mwa Marekani, jamii zenyewe zikichangia fedha, mbao na nguvu kazi. Wenzake walipotaka kuliita jumba hilo kwa jina lake, aliomba jina liondolewe, akiamini kwamba mali ya umma iwe ya umma.

Nalitaja hilo kwa makusudi. Mwaka 2024 jumba hilo lilianza kutumia jina la Kenneth C. Griffin, tajiri aliyetoa zawadi ya dola milioni 125. Zawadi hiyo ni kubwa na makumbusho hayaendeshwi kwa maneno matupu, lakini kwa maoni yangu uamuzi wa Rosenwald ulikuwa bora zaidi, na msomaji anastahili kuzijua habari zote mbili ili apime mwenyewe.

Ndani yake kuna vitu ambavyo kila kimoja kingetosha makala nzima. Kuna nyambizi ya Kijerumani U-505, yenye urefu wa zaidi ya mita 75, iliyotekwa na wanamaji wa Marekani tarehe 4 Juni 1944 katika bahari ya upande wa magharibi mwa Afrika, ikaletwa Chicago mwaka 1954. Kuna chombo cha Apollo 8 kilichowachukua wanaanga watatu kuuzunguka mwezi Desemba 1968, wanadamu wa kwanza kufanya hivyo. Kuna treni ya dizeli Pioneer Zephyr, ya chuma kisichoshika kutu, ambayo Mei 1934 ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago, zaidi ya kilomita 1,600, kwa muda wa saa 13 hivi bila kusimama. Wageni wengi huikimbilia nyambizi. Mimi ningempeleka mwanafunzi kwanza kwenye mgodi wa makaa ya mawe, onyesho lililokuwepo tangu siku za mwanzo, ambapo mgeni hushushwa kwa lifti ya wachimbaji, akaonyeshwa taa zao, mashine zao na jinsi gesi ya mgodini inavyoweza kulipuka. Somo la usalama kazini linaingia hapo kwa macho na masikio, jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi kulifanya vizuri hivyo.

Hata sayansi yenye uchungu haiko mbali. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, kilicho jirani na jumba hilo, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walianzisha tarehe 2 Desemba 1942 mmenyuko wa kwanza wa nyuklia, yaani mfululizo wa kupasuka kwa viini vya atomi, unaojiendeleza wenyewe na kudhibitiwa na binadamu, uliofungua njia ya umeme wa nyuklia na ya bomu pia.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti litakapochapa tena makala ya jiji kubwa lolote, mwandishi atakiwe kueleza jiji hilo hupata wapi maji ya kunywa, hupeleka wapi majitaka, na lina jumba gani la kuwafundisha watoto mambo hayo, kiingilio chake kikoje na nani huingia bure. Kwa Chicago, kwa mfano, wageni hulipa, ila wakazi wa jimbo la Illinois hutengewa siku maalumu za kuingia bila malipo. Ukurasa wa vijana ungefaa kuanza na mfereji wa mwaka 1900, kwa mchoro unaoonyesha kimo cha ziwa, cha mto na cha mfereji, na niko tayari kusaidia kuuandaa.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari