Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Arusha: vita ya dawa za kulevya ianzie kwenye mizani ya chuma chakavu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni fundi wa magari katika kata ya Ngarenaro, na kwa miaka mingi gereji yangu imetazamana na duka la chuma chakavu.

Asubuhi moja, kabla ya saa moja, kijana wa mtaani kwetu alileta pale sufuria ambayo ukoko wa ugali ulikuwa bado haujakauka. Mwenye mizani hakumuuliza ni ya nani. Aliikanyaga ikawa bapa, akaipima, akatoa noti, na kijana akaondoka mbio huku akitetemeka kwa arosto, yaani hali ya mraibu aliyekosa dawa. Sote tulijua hela ile inakwenda kununua kete. Mchana mama yake alipopita akiulizia sufuria yake, sisi mafundi tuliinamisha vichwa kwenye injini. Wala mimi si msafi, kwani nimewahi kununua taa ya gari kwa bei ya kutupa bila kuuliza ilikotoka.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ipo tangu 2015. Tumesikia bangi ikifyekwa Kisimiri Juu wilayani Arumeru, na mirungi, ambayo kwa jirani zetu wa Kenya ni zao halali, ikikamatwa huku kwetu. Kazi hiyo ni ya dola na tunaishukuru, lakini askari hawezi kushinda kwenye kila mizani, ilhali sisi wakazi tunashinda hapo. Ninaomba uagize kila mnunuzi wa chuma chakavu awe na daftari la jina la muuzaji na mtaa anakotoka, likaguliwe na mwenyekiti wa mtaa, na atakayetoa taarifa jina lake lisifike kijiweni kabla ya askari.

Jambo la pili ni hawa wanaoacha dawa za kulevya na kurudi kwetu. Tangu methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilipoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, imeonekana kwamba mraibu wa heroini anayeinywa kila siku mbele ya mhudumu hupata utulivu wa kumwezesha kufanya kazi. Spana anaweza kuishika. Anayekubali kumpa ndiye haonekani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na nne kati ya hizo kumi ni za vijana. Nakifahamu kikundi kilichokosa mdhamini kwa sababu tu wanachama wake wawili waliwahi kuitwa mateja. Tunaomba ofisi yako ielekeze kwamba historia hiyo peke yake isiwe kigezo cha kuwanyima.

Kwa upande wangu, nimeshampokea mmoja na sasa anajifunza kufunga breki. Sikufichi, Mheshimiwa, sanduku la spana bado nalitia kufuli kila jioni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa magari, Ngarenaro, Arusha