Shangazi, walisoma majina yote wakaliruka la mwenzangu

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kwa barua ndefu. Huku kwetu Dodoma mwezi huu upepo unavuma usiku kucha na mabati hayatulii, lakini si upepo ulioninyima usingizi. Ni lile jina. Walisoma majina ya wenzetu wote waliotangulia mbele ya haki, wakafika mwisho, wakapiga kengele, wakakaa, chakula kikaanza kugawiwa. La kwake hawakulisoma.

Mambo ya vikundi vya watu waliosoma pamoja unayajua, sina haja ya kukueleza. Sisi tulisoma mambo ya bahari pale Dar, wengine upande wa unahodha, sisi upande wa mitambo. Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Juni, Siku ya Mabaharia Duniani, tunakutana, tunachanga, tunawaombea marehemu. Siku zote ilikuwa Dar. Mwaka huu wakasema tukutane Dodoma kwa sababu SGR imerahisisha safari, mtu anaondoka Dar asubuhi na mchana anakula hapa. Nilifurahi sana. Ukumbi nilitafuta mimi, mama wa chakula nilimtafuta mimi, stesheni kuwapokea nilikwenda mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nataka ujue tu kwamba jambo lenyewe nimefanyiwa nyumbani kwangu, mke wangu akiwa amekaa pembeni yangu, na yeye anamfahamu mwenzangu yule tangu tulipokuwa wachumba.

Sijui kama desturi ya kengele nane unaijua. Melini zamu ni saa nne nne. Kila nusu saa kengele inaongezeka moja, zikifika nane zamu imekwisha, anashika mwingine. Baharia akifa anapigiwa nane, maana yake zamu yake imekwisha. Basi sisi mwenyekiti anasoma jina, tunaitikia pamoja "zamu imekwisha," na mwisho wa orodha kengele inapigwa mbili mbili mpaka nane. Wamesomwa wote. Aliyekufa kwa gari njiani Morogoro. Aliyekufa kwa presha akiwa ofisini, ambaye tangu tumalize chuo hakuwahi kukanyaga sitaha. Yule aliyefia melini mwaka 2020, wakati wa korona, bandari zimefungwa na mabaharia duniani kote wamekwama vyomboni hawawezi kubadilishwa. Wote hao nilikuwa nawaitikia kwa sauti. Nikawa nasubiri la mwenzangu. Nikasikia kengele.

Nilimfuata mwenyekiti nje, kistaarabu kabisa, wasikudanganye kwamba nilimfokea. Nikamuuliza, mbona fulani umemsahau? Akaniambia hakumsahau. Akasema, "Hana cheti cha kifo, hana kaburi, kwao hawajaweka matanga. Sisi tutamtangazaje?" Halafu akaongeza neno ambalo ndilo limekaa hapa kooni. Eti kuna mwenzetu alisema aliwahi kumwona Durban.

Shangazi, Durban! Mtu amwache mama yake Bahi, asimtumie hata salamu, akae Durban anakula raha? Wasiomjua waseme. Lakini watu waliolala naye chumba kimoja, waliokula naye sahani moja?

Tulikuwa wawili tu kutoka huku Ugogoni. Vijana wa Tanga na wa Unguja walikuwa wanatucheka, wanasema ninyi maji mmeyaona kwenye ndoo, meli mmeiona kwenye kalenda. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kuogelea. Yeye alikuwa anaweza, maana kwao Bahi mvua zikiwa nzuri ile mbuga inajaa na watu wanavua kambare, amekulia humo. Siku ya mafunzo ya kujiokoa, unavaa jaketi, unaruka kutoka juu, mkono mmoja umeziba pua na mwingine umelibana jaketi lisikupige kidevu. Nilisimama pale juu miguu imekufa ganzi. Yeye alikuwa ameshamaliza zamu yake ya kuruka, akapanda tena na nguo zimelowa, akasimama nyuma yangu, hakunisukuma, akasema kwa Kigogo tutaruka pamoja. Tukaruka pamoja. Mwalimu aliona akanyamaza. Cheti changu cha kujiokoa nimekipata hivyo. Halafu leo mtu ananiambia tutamtangazaje.

Yaliyompata ni haya, na ni haya tu yanayojulikana. Ilikuwa mwaka 2016, alikuwa enjinia wa tatu kwenye meli ya mizigo yenye bendera ya nchi nyingine kabisa, wako katikati ya Bahari ya Hindi. Zamu yake ilikuwa ya saa sita mpaka saa kumi, usiku na mchana. Usiku ule aliimaliza. Kwenye daftari la mitambo aliandika joto la maji ya kupozea na presha ya mafuta kama kawaida yake, akaweka sahihi, akamkabidhi enjinia wa pili saa kumi alfajiri, akapanda juu. Asubuhi hakuna aliyemtafuta, kila mtu alijua amelala. Saa sita mchana alitakiwa arudi zamu. Hakuja. Wakagonga mlango, kitanda kimetandikwa.

Nahodha aligeuza chombo. Tulifundishwa darasani, usukani unalazwa wote upande mmoja mpaka meli iache uelekeo wake kwa nyuzi 60, kisha unalazwa wote upande wa pili, na meli inarudi juu ya mapito yake yenyewe. Kurudi kwenye mapito inawezekana. Kujua aliangukia wapi ndiyo kazi, kwa sababu tangu saa kumi alfajiri mpaka saa sita mchana meli inaweza kuwa imetembea maili mia moja. Walitafuta, wakaita na vyombo vingine vilivyokuwa karibu, hawakupata kitu. Mimi ni mtu wa mitambo, najua sitaha ya nyuma alfajiri ilivyo, umande na mafuta. Sihitaji mtu wa kunieleza Durban.

Vitu vyake vililetwa kwenye begi pamoja na orodha, imeandikwa kwa Kiingereza na kupigwa muhuri wa meli. Nilimsomea mama yake mimi, tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Ovaroli mbili. Buti za chuma jozi moja. Redio ndogo. Saa ya mkono. Biblia ya Kigogo. Kitabu cha ubaharia. Nikasoma mpaka mwisho. Mama akanyamaza, kisha akaniuliza, "Ndala zake?" Nikatazama tena. Ndala hazimo. Akasema, "Unaona. Mtu anayekwenda kufa havai ndala. Huyo alikuwa anatoka kidogo." Mimi nilipoona ndala hazimo ndipo nilipojua ameteleza. Yeye tangu siku ile ndipo alipoanza kungoja.

Ikaja ile ajali ya MV Nyerere, Septemba 2018, kule Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Unakumbuka siku mbili baadaye wakamtoa fundi mitambo akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, alikuwa amejificha mahali palipobaki hewa. Mama alisikia redioni. Alinipigia simu mwenyewe, mama ambaye hana desturi ya kupiga simu, akasema, "Mwanangu, umesikia? Na huyo ni mtu wa mitambo kama ninyi." Ningemjibu nini, Shangazi? Ningemwambia Ziwa Victoria si Bahari ya Hindi? Nikasema, "Nimesikia, mama."

Sasa mwenyekiti anasema jambo ni jepesi. Familia iandike barua, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, iseme mtoto wao amefariki, na wao watamsoma mwakani, na rambirambi ya kikundi itatoka kama kwa wengine. Na kwa sababu mimi ni wa huku, niende mimi kuifuata. Mwanasheria mmoja wa hapa mjini naye aliniambia sheria yetu ya ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka 5 na watu ambao wangepaswa kumsikia, anayedai yu hai ndiye inabidi athibitishe. Hiyo miaka imeshapita zamani. Wadogo zake wanalijua hilo, wanataka shauri lipelekwe mahakamani ili mafao yake yafuatiliwe kwa wakala, na siwalaumu, mmoja ana watoto wanasoma. Mama hataki kuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote. Anasema siku atakayoweka dole ndiyo siku atakayomuua.

Na hapa niseme mapema, maana najua maneno yatakufikia. Wapo wanaosema ninahangaika kwa sababu nina fungu kwenye hayo mafao. Sina. Sijawahi kupokea hata nauli. Nikienda Bahi ninanunua sukari na mafuta ya kula kwa fedha yangu, na basi ninalipa mwenyewe. Wapo wanaosema nautaka uenyekiti. Siutaki, wakae nao. Ninachotaka ni jina la mtu lisomwe, dakika moja haifiki.

Kwani wale wa MV Bukoba? Tarehe 21 Mei 1996, kabla hata sisi hatujaingia chuo. Miili mingi haikutambuliwa, wakazikwa kwa pamoja pale Igoma, Mwanza. Wengine hawakupatikana kabisa. Na kila mwaka watu wanakwenda Igoma kusali, na mama ambaye wa kwake hakuonekana anasimama pamoja na yule aliyemzika wa kwake, hakuna anayemwambia rudi nyumbani wewe huna kaburi. Tulifundishwa habari za meli ile darasani, uzito, uthabiti wa chombo, mizigo na abiria kupita kiasi. Mwenyekiti alikaa dawati la mbele. Leo yeye ndiye anauliza kaburi. Baharia na kaburi wapi na wapi?

Mke wangu anasema niliache. Anasema, "Wewe umesikia jina halikusomwa, mama yake angelisikia likisomwa ingekuwaje?" Nilimkasirikia. Nikamwambia mama hayumo kwenye kikundi, hatasikia. Akaniambia Bahi na Dodoma ni pua na mdomo, tena mtoto wa jirani yao ndiye alikuwa anapiga picha pale ukumbini. Sikuwa na jibu, nikatoka nje nikakaa barazani na baridi yote ile.

Maana Shangazi, nitakwambia kitu ambacho sijamwambia yeye. Wakati mwenyekiti anakaribia mwisho wa orodha, nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilikuwa nataka alisome na nilikuwa naomba asilisome. Angelisoma ningetakiwa kuitikia na wenzangu, "zamu imekwisha," na sidhani kama sauti ingetoka. Lakini halikusomwa, na badala ya kupata nafuu nimeumia kuliko ningeitikia. Niliandika ujumbe wa kujitoa kwenye kikundi, upo kwenye simu mpaka sasa, sijautuma. Wale ndio ndugu zangu niliobaki nao. Baba yangu alipofariki walikuja na gari mbili.

Jumapili nina safari ya Bahi. Nilikuwa nimeshasema siendi, eti nisubiri hasira ipungue, lakini mama amenitumia salamu kwamba mpunga umevunwa, nije nichukue kiroba kama kila mwaka. Kila mwaka anapima viroba viwili. Kimoja cha kwangu, kingine anakiweka ndani.

Barua ya kuombea sahihi nimeshaiandika, iko kwenye bahasha ndani ya droo, nimeiandika kwa heshima, haina neno kali. Wadogo zake wanajua iko tayari. Mwenyekiti jana ameuliza tena imefikia wapi. Wewe ni mzazi, Shangazi, na barua za akina mama unazisoma kila wiki. Nimsomee mama barua ile, au niende nichukue mchele nirudi, niwaambie wenzangu hakuna barua itakayotoka Bahi na wamsome hivyo hivyo au wasimsome? Nikiibeba nitaonekana nimetumwa kumzika mtoto wake. Nisipoibeba, mwakani mwezi wa sita nitakaa tena pale nisikie kengele ikipigwa bila yeye.

Nijibu kabla ya Jumapili kama inawezekana, na jina langu usiliweke gazetini.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma