Shaba ilie yenyewe, bafle zipumzike

Bwana Mhariri,

Tuna ombi kwa wenye kumbi za maonyesho hapa Lubumbashi, Kongo. Mkimwalika msanii wa sanamu zinazotoa sauti, msiandae ukumbi kana kwamba kuna dansi, bafle (spika) kila kona. Mji una Biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, watazamaji wapo, shaba ndiyo usiseme. Kazi nzuri zinaharibikia kwenye maandalizi.

Ukumbi wa mita 20 kwa 10, dari mita 5, kuta za saruji na sakafu ya vigae, ukiwa mtupu mlio mmoja huzunguka humo karibu sekunde 7. Wakiingia watu 80, miili na nguo zao hunyonya sauti, na mlio uleule haufiki sekunde 3. Fundi anayepima mchana bila watu amepima ukumbi mwingine kabisa. Atundike mablanketi mazito kwenye kuta mbili badala ya watu, ndipo apime.

Fimbo ya shaba ya mita 1 isining'inizwe kwa ncha wala katikati. Ikigongwa inapinda huku na huku, na sehemu mbili tu hutulia: sentimita 22 na kidogo kutoka kila ncha. Uzi wa nailoni upite hapo. Ukiibana katikati, inapotikisika sana, sauti nene inakufa na unabaki na mlio mwembamba. Ukiikata nusu, sauti hupanda mara 4, si mara 2, kwa hiyo anayetafuta noti atumie tupa, aache msumeno.

Shaba tupu ni laini na huzima upesi. Ukiifua kwa nyundo ikiwa baridi, inakaza na mlio unarefuka. Ukiichoma hadi iwe nyekundu, inalegea tena. Ndiyo maana sanamu iliyochomelewa ovyo inasikika kama imefunikwa kitambaa. Kengele hufanywa kwa shaba na bati, karibu sehemu 4 kwa 1. Harry Bertoia, aliyerekodi sanamu zake za sauti katika ghala lake la Pennsylvania, Marekani, alitumia pia shaba iliyochanganywa na metali ya berili. Hiyo vijana wetu wasiiguse kwa mashine ya kusagia: vumbi la berili huharibu mapafu.

Je, bafle ni za lazima? Kipande cha reli kinachogongwa shuleni kinasikika mtaa wa pili bila waya wowote. Ikibidi kukuza sauti, mikro ya kawaida haifai: inachota makelele yote ya chumba, na larseni (mluzi wa mikro inayosikia bafle yake) haikawii. Chukua kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, cha milimita 27, ukigandishe kwenye chuma kwa epoksi. Utepe wa plastiki unalegea, kisha kisahani kinachakarisha. Kosa tunaloliona kila mara ni kukichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Piezo inataka mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani wa megaomu 1. Kwenye mlango wa kiloomu 10, kila kilicho chini ya hezi 800 hivi (mitikisiko 800 kwa sekunde) hufifia. Fundi anaongeza besi, mvumo unazidi, na lawama inamwangukia msanii. Kikuza-sauti cha awali chenye mlango huo, kinachokaa kabla ya miksa, kiwe karibu na kisahani, waya usizidi mita 1.

Umeme ukikatika, jenereta hufunika kila kitu. Betri ya gari ya volti 12 inaendesha amplifaya ya wati 20 jioni nzima, bila mvumo wa hezi 50.

Viti viondolewe. Fimbo mbili, moja ya hezi 220 na nyingine ya 222, zikilia pamoja sauti inavimba na kunywea mara 2 kila sekunde. Sogea hatua mbili kuelekea ukutani, kuvimba kule kunabadilika. Aliyeketi safu ya nne hatalipata hilo kamwe, na hilo ndilo lililomleta msanii.

Hotuba na muziki wa kukaribisha wageni viwe baada ya kazi. Masikio yaliyopigwa na rumba kubwa kwa nusu saa hupungua usikivu kwa muda, na sauti nyororo zinapita bila kusikika. Tarehe nayo ichaguliwe kati ya Mei na Septemba, maana kumbi zetu nyingi zimeezekwa mabati, na mvua ya Desemba hainyamazishwi na fundi yeyote.

Mafundi wa sauti na wa vyuma,
Komini ya Kenya, Lubumbashi