Betri yako si feki, imenywewa na gari

Wiki iliyopita simu yangu iliita saa nne na nusu usiku. "Fundi, mmeniuzia betri feki. Nyumba nzima giza." Ni mteja wetu wa sola wa Goba, mstaarabu kabisa siku nyingine, na usiku ule sikumlaumu: umeme wa gridi ulikatika tangu magharibi, watoto wana mtihani kesho yake, friza limejaa samaki. Nikamuuliza kitu kimoja tu: gari liko wapi? Akanyamaza kidogo. "Liko kwenye chaji."

Hii ni simu ya tano ya aina hiyo tangu mwaka uanze. Moja kati ya hizo iliishia kwenye status ya WhatsApp ya mteja, jina letu likitajwa bila huruma. Naandika mara moja hapa, ili ya sita ikija nitume linki nirudi kulala.

Hesabu ya Goba ni hii. Betri yake ni lithiamu ya volti 51.2, Ah 200, yaani uniti 10 na chenji. Tumeiwekea kikomo isishuke chini ya asilimia 20, kwa hiyo za kutumia ni uniti 8. Gari ni Nissan Leaf ya uniti 40, limetoka Japani pamoja na kebo yake, na likichomekwa linavuta kilowati 3 bila kupumzika. Juu yake weka friji, friza, feni mbili, taa na televisheni, nusu kilowati. Nane gawanya kwa tatu na nusu unapata saa mbili na robo. Alichomeka saa mbili kasoro, saa nne na dakika chache inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikalia, ikazima. Na gari lilipata nini? Lilivuta uniti 7, chaja ya ndani ya gari ikala chake, zikabaki 6 hivi, mwendo wa kama kilomita 40. Posta angefika. Kurudi Goba angesukuma.

Sasa kwa nini inveta ingegusa betri hata kama umeme usingekatika? Kwa sababu inveta nyingi hapa mjini tumezifunga kwa SBU: jua kwanza, betri ya pili, TANESCO mwisho. Ni ninyi wateja mnaotaka hivyo, LUKU isisogee. Kwa taa na friji ni sawa kabisa. Lakini inveta haijui gari ni kitu gani. Kwake ni mzigo tu kama pasi, tofauti ni kwamba pasi mtu huichomoa baada ya nusu saa. Ukichomeka gari kwenye soketi yoyote inayolishwa na inveta, betri itakamuliwa mpaka kikomo huku umeme wa gridi umesimama mlangoni haujaguswa.

Kwa hiyo gari lisikae nyuma ya inveta. Tunachofanya ni kutoa laini yake peke yake baada ya mita, kabla ya inveta: breka yake, kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30, waya wa shaba wa milimita 6, athi (waya wa kwenda ardhini) iliyopimwa, hadi ukutani pale gari linapolala. Betri inabaki kuwa ya nyumba.

Hapo kuna kamtego kanakowashinda hata mafundi wazuri. Kama inveta yako ina CT, kile kidude cheusi kinachobana waya mkubwa karibu na mita, laini ya gari lazima itoke kabla yake. Ikitoka baada yake, CT inauona mzigo wa gari, inaiambia inveta nyumba inahitaji kilowati 3, na inveta inatii kwa kumimina betri. Kigamboni tulikuta kazi ya fundi mwingine, na nasema ukweli, ilikuwa safi: tranki imenyooka, breka zimeandikwa majina kwa mkono mzuri. Lakini betri ikawa inaisha kila usiku, mwenyewe kesharudisha betri dukani mara mbili. Tulihamisha CT sentimita 40 tu, tukamtoza elfu themanini. "Dakika ishirini, elfu themanini?" Dakika ishirini zilikuwa za bisibisi, kaka. Saa tatu kabla ya hapo zilikuwa za kutafuta, na wewe ulikuwepo, ulituletea soda.

Nije kwenye njia ya mkato inayopendwa kuliko zote. Kebo ya Kijapani inakuja na plagi ya volti 200 isiyoingia kwenye soketi zetu. Mtu anaikata, anafunga plagi ya kawaida ya pini tatu, gharama buku mbili, amemaliza. Tatizo ni kwamba kile kisanduku cha kwenye kebo hakijui plagi imebadilishwa. Bado kinaliruhusu gari kuvuta ampia 15, na plagi yetu ina fyuzi ya 13. Birika linachemsha dakika nne linazima. Gari linavuta saa kumi. Bunju nilifungua plagi ya namna hii nikakuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa, mtu alitulia akaifanya. Pini ya laivu imekuwa ya bluu kwa joto, na soketi nyuma imeyeyuka hadi kushikana na boksi la ukutani. Ukuta ule ni wa chumba cha watoto. Tulichimba, tukavuta waya upya, tukapaka rangi, na bili yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya laini ambayo mwaka uliotangulia alisema ni ghali.

Mkato wa pili ni wa athi. Chaja ikiwaka taa nyekundu na kukataa, hasa gridi ikikatika na inveta ikibaki peke yake, inakuambia haioni athi, kwa sababu inveta nyingi hazifungi nyutro na athi pamoja zikiwa peke yake. Kuna wanaouza adapta ya kuidanganya chaja. Usinunue. Hilo bodi la bati la gari unaligusa wewe, umesimama pekupeku kwenye saruji iliyolowa, msimu wa masika.

Sasa wale wanaosema, "Lakini nilifunga sola ili nichaji gari bure." Inawezekana, ila mchana. Paneli nane za wati 550 ni kilowati 4.4 kwenye karatasi. Siku nzuri ya Dar zinakupa uniti 16 hadi 18 kutwa nzima. Nyumba ikila 9, betri ikijazwa humohumo, za gari ni 7 hadi 9. Tunapenda chaja inayopunguzwa: ampia 6 ni kilowati 1.4, ampia 10 ni 2.3. Anza saa nne asubuhi betri ikishapanda, kwa ampia 6, gari liende taratibu nyuma ya jua. Inveta za haibridi nyingi zina tundu la jenereta linaloweza kugeuzwa kuwa la mzigo wa ziada: tunaliweka lifunguke betri ikifika asilimia 95 na lijifunge ikishuka 80. Wingu likipita, betri inashika kidogo. Likiganda, gari linakatwa, nyumba haijui kitu. Jumamosi na Jumapili mpangilio huu ni raha. Masika uusahau.

Na kama gari linashinda mjini na kurudi jua limezama, usijilazimishe. Chaji usiku kwa LUKU, moja kwa moja. Uniti 10 ulizozipitisha kwenye betri ya nyumba kwanza zinalifikia gari zikiwa 8 na kidogo, na umeila betri yako mzunguko mmoja. Kwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti inakuja kama shilingi 356 na kodi zake. Leaf inataka uniti 17 hivi ukutani kwa kilomita 100, yaani kama elfu sita. Linganisha mwenyewe na bei ya petroli ya EWURA ya mwezi huu. Aliyekuwa D1, kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue gari litamtoa huko. Kujaza Leaf ya uniti 40 mara mbili tu kunatosha.

Wengi wakisikia haya wanasema basi niongezeeni betri. Tunauza betri, na faida yake kwetu ni kubwa kuliko ya kuchimba mtaro wa waya. Lakini betri ya pili bila paneli za kuijaza ni kama kununua simtanki la pili wakati bomba ni lilelile. Mama mmoja wa Mbezi Beach tulimkatalia, akaenda kununua kwingine, na sasa ana betri mbili zinazofika asilimia 60 saa tisa alasiri badala ya moja iliyokuwa inajaa.

Laini ya gari kwetu inaanzia laki saba na nusu, inapanda kulingana na umbali kutoka mita hadi maegesho. Ndiyo, yupo anayefanya kwa laki mbili. Muulize waya ni milimita ngapi na kama ni shaba, kisha umwombe aipime athi ukiwa unaangalia mita yake.

Mteja wa Goba tunamfungia Alhamisi. Wewe, kabla hujapiga, tutumie picha tatu: kibati cha pembeni ya inveta, dibii (boksi la breka) ikiwa imefunguliwa mfuniko wa mbele, na plagi ya chaja yako upande wa pini. Hiyo ya tatu usiifute vumbi wala usiipige msasa kwanza. Rangi ya pini ndiyo ninayoitaka.