Intaneti ikigoma kwenye kompyuta, msikimbilie kupiga Windows

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo linanikera na watu wanaliwa hela zao hapa mjini kila siku. Siku hizi nyumba kibao Dar zina faiba, na utakuta deskitopu ya watoto au ya kazi imechomekwa waya moja kwa moja kwenye rauta. Sasa ikitokea intaneti imegoma kwenye kompyuta ile tu, na simu za waifai zinapeta kama kawaida, anaitwa fundi, anafika hata hajainama kuangalia nyuma ya mashine anasema hii inataka kupigwa Windows, yaani kufutwa na kuwekewa Windows upya. Picha za harusi ya dada, hesabu za duka, kila kitu kinafutwa, halafu intaneti inarudi kwa sababu wakati anahangaika aliuchomoa waya akauchomeka tena vizuri! Na hela mnampa.

Jamani pale nyuma waya unapoingia kwenye kompyuta nyingi kuna vitaa vidogo viwili. Kimoja kinawaka kuonyesha waya umeshika huku na huku, kingine kinapepesa data ikipita. Kama vyote vimezima na mashine inawaka, anza na waya kabla ya kumpigia mtu simu: usukume mpaka usikie umelia ta!, hamisha kwenye tundu lingine la LAN (yale ya kuchomekea kompyuta) kwenye rauta, azima waya kwa jirani ujaribu. Kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya kikivunjika waya unaonekana uko ndani kumbe umelegea, na hilo ndo tatizo la nyumba zenye watoto wanaocheza chini ya meza. Ukiwa na laptopu yenye tundu la waya ndo rahisi zaidi, zima waifai yake, chomeka waya uleule kwenye laptopu, ikikubali basi rauta na waya ni wazima, mgonjwa ni deskitopu.

Vitaa vinawaka lakini hakuna kitu? Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt) uandike ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 192.168, kompyuta na rauta kwa kawaida wameshaelewana. Ukiona 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani haikujibiwa ikajipa yenyewe, hapo zima rauta, iache kidogo, washa tena. Na kama mashine ilitoka ofisini cheki kama kuna anwani iliandikwa humo kwa mkono, iache ijichukulie yenyewe. Baada ya hapo piga pingi kwa rauta, yaani andika ping halafu ile namba ya Default Gateway uliyoiona kwenye ipconfig, ikijibu piga 8.8.8.8, ambayo ni ya Google huko nje, nayo ikijibu ila kurasa hazifunguki basi mara nyingi shida iko kwenye DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na dawa yake ni kubadilisha namba tu kwenye setingi, haina haja ya kufuta chochote.

Na kama rauta inajibu ila nje kimya na simu zote kimya, tulia, hilo sio lako. Mei 12 mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, nchi nzima ikayumba na majirani zetu nao, siku ile hata ungebadilisha waya wa nyumba nzima usingepata kitu.

Kuna kingine mafundi wengi hawakisemi. Umeme ukikatika sana halafu betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta, ile ya CR2032, ikawa imekufa, kila ukiwasha tarehe inarudi nyuma miaka. Kivinjari kikiona tarehe ya ajabu kinagoma kufungua kurasa kwa kuhofia usalama, watu wanasema intaneti hamna. Kumbe ni betri, tena ya bei ya soda! Angalieni saa ya kompyuta kwanza.

Lakini hasira yangu kubwa iko kwenye waya zenyewe. Kariakoo unauziwa waya wa netiweki umeandikwa Cat6, lile daraja la waya wa spidi kubwa, kwa herufi kubwa, ukiukwangua kwa wembe ndani ni mweupe, yaani ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Inafanya kazi siku za mwanzo, ukiukunja mara kadhaa unakatikia ndani na kwa nje huoni kitu. Waya wa netiweki una nyaya nane ndani, spidi ya Mbps 100 inatumia nne tu, gigabiti, yaani Mbps 1000, inataka zote nane. Kwa hiyo mmoja ukikatika, mfano wa kahawia, mara nyingi intaneti haifi, inashuka kimyakimya mpaka 100, na wewe unalipia kifurushi cha 200 kila mwezi huku unamlaumu aliyekufungia faiba. Nenda kwenye setingi za netiweki usome spidi ya muunganisho, ikiwa 100 wakati kompyuta na rauta zote ni za gigabiti, mshuku waya au kichwa kilichobanwa vibaya. Maana kuna vishoka wanabana vichwa kwa kupanga rangi wanavyojisikia, mradi pande mbili zifanane. Haiko hivyo, pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, ukizikosea waya mfupi unaweza kukubali ila mrefu unasumbua kila siku. Halafu wale mnaorusha waya juu kwa juu nyumba hadi nyumba mgawane intaneti, mwisho wake ni mita 100, na masika chomoeni kabla radi hazijaanza, radi ikipita humo inaua rauta na kompyuta za pande zote mbili.

Ombi langu kwa wauzaji ni moja, kama ni aluminiamu uzeni kwa bei ya aluminiamu na mseme wazi, wengine tutanunua hivyohivyo kwa kazi ndogondogo. Na wewe mhariri, kama una mwandishi wa mambo ya teknolojia mpe wembe aende Kariakoo, akwangue waya duka moja baada ya jingine halafu atuandikie alichokikuta.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam