Kaka wa koti la kijani pale Tukuyu, asante sana aisee

Sikuuliza jina lako ndo maana naandika hapa labda utaona. Jumamosi ile ya harusi, mi nimesimama pale uwanjani narekodi video, jua limetoka ghafla baada ya ukungu (Tukuyu bwana, dakika kumi hali tatu), naangalia kioo cha kamera naona giza nikawa nafungua tu mwanga, kumbe kioo ndo kinadanganya juani. Ukanigusa bega ukasema dogo washa zebra iweke 100 (ile mistari ya kwenye kioo inayoonyesha mwanga ulipofika kiwango ulichoweka, 100 ndo mwisho), nikawasha shela lote la bibi harusi likajaa mistari yaani pale hamna picha ni weupe mtupu, na ukishaunguza hata kompyuta hairudishi. Ukanifungisha aipacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) mpaka mistari ikaisha, ukaniambia pia ile zebra 70, yaani kiwango cha mwanga wa usoni wanachofundisha, ni ya wazungu, sura zetu ziache chini ya hapo. Halafu ukanitolea karatasi nyeupe mfukoni tukapima waiti balansi upya (kuionyesha kamera nyeupe halisi ili rangi zikae sawa), maana oto, kamera ikijipimia yenyewe, ilikuwa imemfanya bwana harusi wa bluu kama kapigwa baridi ya Kitulo.

Video nimewakabidhi juzi, mama mzazi kalia. Soda yako ipo.